Nilivyochambua filamu za Uingereza kwa kuangalia kamera imekaa wapi

Wenzangu wa chuo wananiuliza sana hili swali, kazi ya kuchambua filamu unaianzaje bila kuishia kusimulia stori mwanzo mwisho. Sisi mwalimu aligawa mada kwa nchi, kila mtu na yake, mimi nikaangukiwa na Uingereza, nieleze mbinu zao na kitu gani kinawatofautisha na wengine. Kiukweli nilitamani India maana huko angalau muvi nimeangalia tangu mtoto, Uingereza nilikuwa najua James Bond na Harry Potter basi, na hizo ukifuatilia hela unakuta imetoka studio za Marekani kwa hiyo hata hujui hapo unachambua nchi gani.

Mchana mimi naediti video za harusi na sendofu, na hiyo ndo iliyonibeba. Ukishakesha na futeji ya masaa matano ya sendofu ya mtu unajua kwamba hamna mkato unaojileta wenyewe, kila mkato kuna mtu ameuamua. Mteja analia akiangalia mama yake anavyomkumbatia, hajui kwa nini kaguswa kiasi kile, wewe unajua, uliiacha ile shoti ikae kidogo kabla hujarukia kamera ya pili. Nikasema basi, hawa Waingereza ntawasoma kama futeji, najiuliza huyu mtu kamera kaiweka wapi, na kwa nini kakata hapa badala ya pale.

Sikuchambua filamu nzima, nilichukua sini moja moja. Naangalia kwanza kama mtu wa kawaida aliyekaa na chipsi zake, alafu narudia nimezima sauti kabisa, alafu narudia tena nimeipa skrini mgongo nasikiliza tu. Hii ya kugeuka usiidharau. Kuna filamu ya mwongozaji Hitchcock kabla hajahamia Marekani, Blackmail ya 1929, wakati Uingereza ndo kwanza inaanza kutoa filamu za kuongea. Binti kaua mwanaume usiku kwa kisu baada ya kushambuliwa, asubuhi yuko na wazazi wake na hakuna anayejua, kuna jirani mmbea kasimama hapo anaongelea yale mauaji bila kupumzika. Ukiwa umegeuka unasikia kabisa maneno ya yule mama yanafifia yanakuwa mvumo tu, ila neno kisu linabaki wazi, kisu, kisu, linazidi kuwa kali, mpaka baba mtu anamwomba binti akate mkate na kisu kinamruka mkononi. Masikio yetu yamehamishiwa ndani ya kichwa cha yule binti. Mwaka 1929 hiyo, wengine bado wanashangaa tu kwamba picha inaongea.

Iliyonikalisha muda mrefu ni Brief Encounter ya David Lean, 1945. Mke wa mtu, Laura, na mume wa mtu wanakutana kwenye mgahawa wa stesheni ya treni, wanapendana, na karibu hakuna kinachotokea, hamna hata ngumi. Walishuti stesheni ya Carnforth, kaskazini huko, kwa sababu vita ilikuwa haijaisha na kuwasha mataa ya kushutia usiku karibu na London ilikuwa ni kuita mabomu. Sasa angalia alichofanya, sini ya kuagana anaionyesha mara mbili. Mwanzoni mwa filamu tunaona watu wawili wamekaa mezani kimya, anakuja mama mmoja muongeaji, rafiki wa Laura, anakaa nao, mwanaume anaaga, anamwekea mwanamke mkono begani, anaondoka. Hatujui ni kina nani, kamera inamfuata fuata yule mama muongeaji. Mwishoni inarudi sini ileile, sasa tuko upande wa Laura, tunajua hawataonana tena maisha yao yote, na ule mkono begani unakuumiza kweli. Mkono ni uleule! Kilichobadilika ni kamera imekaa upande wa nani. Alafu treni ya ekspresi inakaribia, fremu nzima inaanza kulala upande taratibu, Laura anakimbilia nje na tunabaki na uso wake tu mataa ya mabehewa yanampita yanamulika na kuzima. Nilivyozima sauti ndo nikaona ule ulalo, nikiwa na muziki wa Rachmaninov masikioni sikuwa nimeuona hata kidogo.

Nikaangalia nani alishika kamera, ni Robert Krasker. Huyohuyo ndo alipiga The Third Man ya 1949 ya Carol Reed, ile ya Vienna baada ya vita, na mle fremu zimelala karibu kila mahali mpaka unahisi jiji zima limepinda, akapata Oscar. Ila mwisho wa ile filamu kamera imesimama wima, imetulia. Barabara ya makaburini, majani yanadondoka, mwanaume anamsubiri mwanamke anayempenda, yule dada anatokea mbali kabisa anakuja, anakuja, anakuja, anampita bila hata kumtupia jicho anatoka kwenye fremu. Zaidi ya dakika nzima bila mkato. Graham Greene aliyeandika skripti alitaka mwisho wa watu kupatana, Reed akakataa, na baadaye Greene mwenyewe akakubali kwamba Reed alikuwa sahihi. Kwenye daftari langu nikaandika: hawa watu wanasubiri.

Kuanzia hapo nikawa nasaka hiyo subira, imetoka wapi. Jibu nililolipata ni la kiofisi sana, imetoka posta. Miaka ya 1930 shirika la posta la Uingereza lilikuwa na kitengo chake cha filamu, kinaongozwa na John Grierson, na kazi yao kubwa inayojulikana ni Night Mail ya 1936, treni inayobeba barua usiku kwenda Scotland. Steringi wa filamu ni wapanga barua. Kuna sini wako ndani ya behewa wanapanga barua huku wanayumba na treni, kumbe lile behewa lilijengwa studio halisogei popote, wale wafanyakazi wa kweli waliambiwa wajiyumbishe. Kwa hiyo ukweli wao nao una upishi ndani yake, hilo niliweka kwenye kazi yangu kwa kalamu nyekundu. Mwishoni kuna shairi la W. H. Auden linasomwa kwa mwendo wa magurudumu, muziki wa Benjamin Britten aliyekuwa kijana wa miaka 22. Ila cha muhimu ni kwamba mtu wa kawaida akiwa kazini anatosha kuwa filamu, serikali imeshalipia na watu wameshaangalia.

Baadaye televisheni ikaendeleza mchezo huohuo. Mwongozaji Ken Loach alitokea BBC, Cathy Come Home yake ya 1966 kuhusu familia inayokosa pa kuishi ilionyeshwa kwenye TV, na mwongozaji mwenzake Mike Leigh naye alikaa miaka mingi kwenye TV. Channel 4 ilipoanza 1982 ikawa inatoa hela za filamu ndogo ndogo kabisa. Mtu uliyezoea bajeti ya TV huna helikopta, una waigizaji na chumba, basi unamwangalia mtu.

Loach nilimchukua kwa Kes ya 1969, mtoto anaitwa Billy wa Barnsley, mji wa makaa ya mawe, anafuga kipanga. Ukipenda mpira utaipenda sini ya mwalimu wa michezo, mtu mzima anajifanya yeye ni Bobby Charlton, anacheza na watoto, anajipa penalti, na kwenye skrini yanatokea maandishi ya matokeo Manchester United na Spurs kama kwenye TV kabisa. Unacheka. Alafu baada ya mechi anamfungia Billy kwenye bafu la maji ya baridi, na kamera haijabadilisha sura hata kidogo, iko palepale, kwa hiyo kicheko chako kinakukwama kooni na hakuna muziki wa kukwambia sasa huzunika. Yule aliyecheza mwalimu, Brian Glover, alikuwa mwalimu kweli Barnsley na pia mcheza mieleka. Chris Menges aliyeshika kamera anakaa mbali anatumia lenzi ndefu na mwanga wa asili, watoto darasani wamesahau kama wanashutiwa. Kwenye harusi tunajua hiyo, ukimsogelea mtu na kamera anaanza kuigiza, ukikaa nyuma ya nguzo unapata uso wake wa kweli.

Secrets & Lies ya Mike Leigh, 1996, iliyoshinda tuzo kubwa ya Cannes, niliiangalia na dada yangu ambaye filamu kwake ni tamthilia za Kituruki. Kuna sini dada mmoja mweusi, Hortense, kamtafuta mama yake mzazi, anakuta ni mama wa kizungu, Cynthia, wako kwenye mgahawa wamekaa upande mmoja wa meza wote wanatazama kamera. Shoti moja, karibu dakika nane, kamera haisogei. Dada akaanza, "Wewe mdogo wangu, mbona haikati, imeganda?" Nikamwambia tulia. Cynthia anakataa, haiwezekani mimi nikuzae wewe, angalia rangi, si ningekumbuka. Anaongea anaongea. Alafu ananyamaza kidogo, macho yanahama, na dada yangu akashika mkono wangu akasema "Kashakumbuka huyo!" kabla Cynthia hajafungua mdomo. Hapo ndo nikapata paragrafu yangu bora kuliko zote. Leigh angekata klozapu ya uso wakati ule angekuwa ametuonyesha kwa kidole, angalieni hapa. Hakukata, kwa hiyo dada yangu ndo aliyeediti ile sini kwa macho yake, alichagua mwenyewe amwangalie nani na lini.

Sasa kuna kitu nilikikuta kikanisumbua, na mimi mtu wa Tanga kilinigusa zaidi. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu Vugiri, juu kule Korogwe, unaitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wanatengeneza filamu za kufundisha Waafrika kilimo, afya na mambo kama hayo. Na 1939 serikali yao ikaanzisha Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa bwana afya Nigeria. Sellers alikuwa na nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, kwa hiyo apewe shoti ndefu, mwendo wa polepole, asirukishwe rukishwe, asichanganywe na ujanja wa kamera. Soma tena hapo. Shoti ndefu isiyokatwa, ileile tunayomsifia Leigh! Kwa Sellers inakaa muda mrefu kwa sababu anadhani unayeangalia ni mjinga, kwa Leigh inakaa muda mrefu kwa sababu anajua una akili. Kwa hiyo ukiandika tu "anatumia shoti ndefu" hujasema kitu, mbinu ni ileile, heshima ndo tofauti. Bibi zetu wa Usambara sijui walikuwa wanawafikiriaje wale wazungu na projekta yao, natamani mtu angeandika.

Nikampelekea mwalimu rasimu, mama mmoja mkali lakini wa haki, kaisoma akaniambia "Umeandika vizuri, ila Powell na Pressburger umewafukuza Uingereza?" Basi nikarudi kwa hao waongozaji wawili. Black Narcissus yao ya 1947, masista kwenye nyumba juu ya milima ya Himalaya, na hawakukanyaga India, walishuti studio ya Pinewood na ile milima ni michoro iliyopakwa kwenye vioo, Jack Cardiff aliyeshika kamera anamwaga rangi mpaka lipstiki nyekundu ya sista mmoja inatisha kuliko jini, akapata Oscar. Hamna posta hapo, hamna subira ya mtu wa kawaida. Na Lawrence of Arabia ya 1962, ya Lean yuleyule wa stesheni, Lawrence anapuliza njiti ya kiberiti na pap, jangwa zima linachomoza na jua. Skripti ilitaka picha moja iyeyukie kwenye nyingine, lakini kwenye kopi ya kuediti shoti zikawa zimebandikwa moja kwa moja, mwediti Anne V. Coates na Lean wakaona hivyo ndo tamu zaidi wakaacha. Mimi kama mwediti nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani.

Kwa hiyo nikaandika kwamba sinema ya Uingereza ina watoto wawili wa baba mmoja wasioongea, mmoja wa posta na TV anayekaa kimya akusubiri ujionee, mwingine wa studio anayepaka rangi kuta zote, na Brief Encounter inapendeza kwa sababu wote wawili wako mle ndani, kikombe cha chai mezani na fremu inayolala. Mwalimu alikubali hiyo, akanikata maksi kwenye tahajia.

Kama na wewe umepewa mada ya namna hii anza na Night Mail, haifiki nusu saa na bando halitaisha. Kes weka sabtaito bila aibu, lafudhi ya Barnsley ni ngumu mpaka kopi za kupeleka nje baadhi ya maneno yalirekodiwa upya. Na usichambue filamu uliyoiona mara moja, hata kama mwalimu hatagundua.

Saa hizi niko kwenye Don't Look Now ya Nicolas Roeg, 1973. Huyu alikuwa kwenye kikosi cha kamera cha Lawrence, na alipopata filamu zake akawa anakata kama kachanganyikiwa, mke na mume wako kitandani wanapendana huku kati kati anatupia picha wakivaa nguo kwenda kula usiku, yaani baadaye imeingia ndani ya sasa. Hasubiri, hapaki rangi, na sijajua nimweke na mtoto yupi kati ya wale wawili.