Kabla ya kununua adapta nyingine, kagua splita

Nyumba nyingi hapa Marekani zina kebo ya koaksi ndani ya kuta, urithi wa enzi za televisheni ya kulipia, lakini hazina waya wa etheneti hata katika chumba kimoja. Ndiyo maana mtu ambaye Wi-Fi yake inafifia kabla ya kufika chumba cha mwisho, na asiyetaka kutoboa kuta, hatimaye huangukia kwenye MoCA, mfumo unaopitisha data ya mtandao wa nyumbani katika kebo ileile ya televisheni. Unaweka adapta moja kando ya ruta na nyingine katika chumba cha mbali, kila moja unaiunganisha na kebo iliyoko ukutani, na kazi imekwisha. Toleo la 2.5 linaweza kubeba hadi gigabiti 2.5 kwa sekunde, kasi inayoshindana na etheneti ya kawaida bila wasiwasi.

Nyumbani kwetu Columbus, Ohio, chumba cha kazi kilichoko ghorofani, kinachotumia MoCA, kilikuwa kinapata megabiti 300 hivi kwa sekunde, siku nyingine chini ya hapo, ilhali kompyuta iliyounganishwa na ruta moja kwa moja ilipata zaidi ya 900. Katika hali kama hiyo ushauri wa haraka huwa ni kununua adapta mpya. Kwa maoni yangu adapta ndiyo ya mwisho kushukiwa, kwa kuwa kasoro nyingi za MoCA zimo katika vitu vidogo vya bei ndogo: splita (kifaa kinachogawa kebo moja kwenda vyumba kadhaa), konekta za ncha za kebo, vichujio, na vipande vya kebo ambavyo hakuna aliyevitazama tangu siku fundi wa televisheni alipofunga mkoba wake akaondoka.

Hata hivyo, ni lazima kwanza ijulikane kwamba koaksi ndiyo iliyo polepole. Tovuti za kupima kasi hupima njia nzima hadi huko nje, kwa hiyo hazifai hapa. Programu ya bure ya iperf3 hupima kati ya kompyuta mbili za nyumbani tu: iliyo karibu na ruta unaiwashia amri ya iperf3 -s, na iliyo chumba cha mbali unaipa iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya IP ya ile ya kwanza, kisha unarudia kwa kuongeza -R ili kupima upande wa pili. Zote mbili ziwe kwenye waya. Ukipata takriban megabiti 94, usiiguse koaksi kwanza. Hiyo ni dalili ya etheneti iliyoshuka hadi megabiti 100, na mara nyingi chanzo ni waya mfupi wa etheneti wenye jozi iliyokatika, kwani gigabiti inahitaji jozi zote nne ilhali megabiti 100 hutosheka na mbili. Ukipata takriban 940, umefika kikomo cha tundu la gigabiti moja, na hakuna kilichoharibika hata kama boksi la adapta limeandikwa 2.5.

Kisha leta adapta zote mbili juu ya meza moja na uziunganishe kwa kipande kifupi cha kebo iliyo nzima. Zikienda kasi hapo, hazina hatia, na unaweza kuanza kufuata kebo ya nyumba kwa moyo mkunjufu. Adapta nyingi pia zina ukurasa wa usimamizi unaoonyesha kasi ya kiungo kati yake na wenzake. Kwa toleo la 2.5, kiungo kizuri huonyesha zaidi ya megabiti 3,000, namba ambayo ni kubwa kuliko data utakayoipata kwa sababu sehemu yake huliwa na uendeshaji wa mfumo wenyewe.

Sasa splita. Televisheni ya kebo kwa kawaida hutumia masafa yasiyozidi megahezi 1,002, na splita za zamani zilitengenezwa kwa ajili hiyo. MoCA huzungumza juu zaidi, kati ya megahezi 1,125 na 1,675. Ile niliyoikuta katika chumba chetu cha chini ya ardhi, imepigwa misumari nyuma ya tangi la maji moto, ilikuwa na matundu manane na maandishi yaliyofifia ya 5–900 MHz. Splita ya matundu manane hupoteza takriban desibeli 11 kutoka tundu la kuingilia hadi kila tundu la kutokea, maana yake kinachobaki ni chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu, na hiyo ni ndani ya masafa iliyoundiwa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliwazi: televisheni hupokea kutoka tundu la kuingilia, lakini adapta mbili za MoCA zilizo vyumba tofauti hupaswa kuvuka kutoka tundu moja la kutokea hadi jingine, na splita ya kawaida imeundwa makusudi ili izuie mvuko huo. Splita ya MoCA, iliyoandikwa 5–1675 MHz, huupunguza ukuta huo. Tuliweka yenye matundu matatu, moja la modemu, moja la adapta ya ruta na moja la ghorofani, na iperf3 ikasoma zaidi ya 900 kwa pande zote mbili. Ukibakiza tundu tupu, lizibe kwa kizibo cha omu 75 ili mawimbi yasirudi nyuma.

Konekta hazihitaji maelezo marefu. Fungua kila moja uitazame: uzi mmoja tu wa wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati, kiungo kinakufa au kinayumba. Zile za kuzungusha kwa mkono bila kubanwa kwa koleo maalumu, zitupe.

Kichujio cha MoCA huwekwa pale kebo ya mtaani inapoingia, kabla ya splita ya kwanza. Huyazuia mawimbi yako yasimfikie jirani na kuyarudisha ndani, jambo linalosaidia hata nguvu ya kiungo. Kikiwekwa kimakosa katikati ya adapta mbili, huua mtandao kabisa, na amplifaya isiyotengenezwa kwa MoCA hufanya vivyo hivyo. Modemu za DOCSIS 3.1, kiwango cha intaneti ya kebo, nazo zinaweza kupanda hadi megahezi 1,218, ambako zinaingiliana na MoCA. Modemu ikianza kukatika baada ya adapta kufungwa, kichujio cha pili kwenye tundu la modemu hiyo kwa kawaida hutosha.

Mwenye dishi la setilaiti linalotumia kebo hizohizo ana shida tofauti, kwa sababu setilaiti hushika megahezi 950 hadi 2,150, palepale MoCA ilipo. Huyo atumie kebo isiyounganishwa na dishi, au avute waya wa etheneti.