Giza, mbalamwezi na debe: nilivyokusanya takwimu za makala zangu Kigoma

Mhadhiri wa uchumi hapandi cheo kwa kufundisha vizuri peke yake. GPA ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye shahada ya umahiri ni za kuingilia mlangoni, na shahada ya uzamivu ndiyo inayokupa cheo cha Mhadhiri. Kutoka hapo kwenda Mhadhiri Mwandamizi, kisha Profesa Mshiriki na Profesa, kinachopimwa zaidi ni makala, na makala hizo husomwa na wataalamu wa nje ya chuo chako. Wengi wetu hukwama hapo kwa sababu ya takwimu, hata kama nadharia tunazo. Naeleza nilivyokusanya takwimu za waanikaji wa dagaa 300 mwambao wa Kigoma mwaka 2024, zikatoa makala mbili, ili mhadhiri msaidizi anayejiandaa ajue pa kuweka nguvu.

Kibali kwanza. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mjini Kigoma. Ofisi yake huandikia wilaya, kwa utafiti wangu Kigoma na Uvinza, kisha halmashauri, kisha watendaji wa kata, watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vijiji na wa vitongoji. Tenga siku 5 za kazi kwa ngazi za juu, na beba nakala nyingi kuliko unavyodhani, kwa kuwa kila ofisi itabaki na moja na wewe unahitaji yenye muhuri wa kuonyesha ngazi inayofuata. Mwambao ni mpakani, ng'ambo ni Kongo na kaskazini ni Burundi, hivyo kila mdodosaji atembee na kitambulisho chake cha Taifa na nakala ya kibali. Usimwachie kiongozi wa timu karatasi zote, maana wadodosaji hutawanyika.

Ratiba ndiyo iliyonitesa, na ndiyo ningependa msomaji aielewe vizuri. Likizo ndefu ya vyuo huanguka kati ya Julai na Oktoba, na kwa Kigoma huo ni wakati mzuri kwa sababu mvua zimekatika na barabara za Uvinza zinapitika. Lakini mwaka huo serikali ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukienda Julai unakuta vichanja vya kuanikia dagaa vitupu. Nikasogeza hadi baada ya 15 Agosti, halafu nikafungua kalenda ya mwezi: mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19 Agosti. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti, mitumbwi inalala ufukweni. Kwa hiyo siku za mwanzo baada ya ziwa kufunguliwa zisingefaa kwa lolote.

Mwezi mwandamo ulianguka tarehe 3 Septemba, na mwezi mpevu tarehe 18. Nikagawa kazi mara mbili. Tarehe 1 hadi 5 Septemba, giza likiwa limekolea, timu ilikwenda mialoni kuorodhesha waanikaji, kupima debe kwa mizani na kuandika bei asubuhi boti zinapoingia. Tarehe 13 hadi 24, ukiacha Jumapili mbili, tulifanya mahojiano. Wakati huo wa mbalamwezi mwanikaji ana nafasi ya kukaa nawe karibu saa nzima, na giza unalomuuliza limekwisha juzi tu, hajalisahau. Ukimvamia saa moja asubuhi wakati wa giza, dagaa wabichi wakiwa ndani ya beseni, atakujibu chochote ili uondoke, na ana haki, kwa sababu dagaa hawasubiri.

Orodha ilihitajika kwa kuwa haipo. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi, BMU, vina orodha ya vyombo na wavuvi, ila mwanamke anayeanika mara nyingi hayumo. Nilichagua vitongoji 30 kwa uwezekano unaolingana na idadi ya vyombo, na katika kila kitongoji mdodosaji alishinda asubuhi moja kwenye maanikio akiandika kila anayefika, kisha jioni akaihakiki orodha na mwenyekiti wa kitongoji pamoja na mwanamke mmoja anayewafahamu wenzake. Jina likitajwa na wote wawili lakini halikuonekana asubuhi, liliingia. Waliokuwa wagonjwa au safarini wangepotea hivihivi.

Sasa ukubwa wa sampuli. Kanuni ya Yamane imeandikwa kwenye tasnifu nyingi mno: gawanya idadi ya watu kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa. Watu 1,200 na kosa la 0.05 vinakupa 300. Hesabu ni sahihi, lakini inachukulia kwamba umemchagua kila mtu peke yake kutoka kapu moja. Ukichagua kwa vitongoji, majirani wanafanana: wananunua kwa wenye boti walewale na wanauzia wachuuzi walewale. Athari ya kufanana huko ni moja kujumlisha idadi ya wanaohojiwa kwa kitongoji ukitoa mmoja, mara kiwango cha kufanana; ukigawanya sampuli kwa athari hiyo unapata uzito wake halisi. Chukua kufanana kwa 0.1. Ukihoji 15 katika vitongoji 20, unapata 2.4, na watu wako 300 wana uzito wa 125 tu waliochaguliwa mmoja mmoja. Ukihoji 10 katika vitongoji 30, unapata 1.9, na uzito unapanda hadi karibu 158. Watu ni walewale 300, tofauti ni nauli ya boti. Nauli hiyo ilipe. Na kwenye uchambuzi, makosa sanifu, yaani kipimo cha shaka ya makadirio yako, yapangwe kwa vitongoji; mhakiki wa jarida huanza kuangalia hapo.

Dodoso nililijaribu kwa watu 20, kwenye mwalo usiokuwa ndani ya sampuli, na majaribio hayo yaliokoa makala. Swali lilikuwa: "Mwezi uliopita uliuza debe ngapi?" Kwa mtu wa ziwani swali hilo lina makosa mawili. La kwanza ni mwezi: yeye hesabu yake ni giza, yaani kipindi cha kuvua kati ya mbalamwezi moja na nyingine, si Agosti wala Septemba. La pili lilitolewa na mama mmoja, baada ya shikamoo na kukaribishwa kigoda, akamwuliza mdodosaji: "Debe lipi, mwanangu? La kununulia au la kuuzia?" Debe la kununulia anataka lijae kichuguu, la kuuzia hukatwa usawa wa mdomo. Neno ni moja, vipimo ni viwili, na ukivichanganya faida yake inavimba au inayeyuka bila yeye kuongeza wala kupunguza kitu.

Swali likawa: "Giza lililopita uliuza debe ngapi zilizokatwa?" na pembeni yake swali la manunuzi kwa kipimo chake chenyewe. Kisha kila mwalo tulipima debe tatu kwa mizani ya kuning'iniza, za kichanjani peke yake na za mchangani peke yake, kwa kuwa dagaa wa mchangani wanabeba mchanga na mchanga nao una kilo. Wastani wa mwalo ndio uliogeuza debe kuwa kilo. Usitumie uzito mmoja kwa mwambao mzima.

Jambo jingine lililoibuka kwenye majaribio ni mali kauli. Mwanikaji anachukua dagaa kwa mwenye boti, anaanika, anauza, ndipo analipa. Bei ya mali kauli si bei ya taslimu, na tofauti yake kwa mchumi ni riba, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Ukimwuliza "Umewahi kukopa?" atasema hapana, naye ni mkweli, maana mkopo kwake ni wa benki au VICOBA. Kwa hiyo kila manunuzi yalikuwa na maswali matatu: ulilipa papo hapo au mali kauli, bei ilikuwa kiasi gani, na siku hiyohiyo waliolipa kwa njia nyingine walinunua kwa kiasi gani. Makala ya pili nzima ilitoka kwenye maswali hayo matatu.

Kipato sikukiuliza moja kwa moja. Tuliuliza mauzo, halafu gharama moja moja: dagaa wabichi, magunia, usafiri, ushuru wa halmashauri, kibarua. Kutoa na kujumlisha ni kazi yangu. Maswali hayo yalikaa mwishoni, baada ya mtu kuzoea.

Wadodosaji walikuwa 8, wanawake 5, wote wahitimu wa mkoani. Dodoso lilikuwa la Kiswahili, lakini bibi wa kijijini anaweza kuwa huru zaidi kwa Kiha, kwa hiyo siku moja ya mafunzo ilikwenda yote kwenye kukubaliana maneno 12 ya msingi kwa Kiha, ili watu wanane wasitafsiri faida kwa namna nane. Niliwalipa kwa siku. Ukilipa kwa dodoso, unanunua madodoso, na utaletewa mengi, mengine yakiwa yamejazwa chini ya mwembe. Kila mmoja alifanya mahojiano 5 kwa siku, jumla 40, kwa hiyo 300 zilihitaji siku 8, na siku 2 zilikuwa za kuhama.

Tulitumia KoboToolbox kwenye simu, inayofanya kazi bila mtandao na kutuma jioni mkirudi penye mnara. Fomu ikishaanza kazi usibadilishe jina la swali, kwani majibu yatagawanyika kwenye safu mbili. Kila usiku niliangalia muda: mahojiano yaliyokwisha chini ya dakika 25 yalirudiwa. Mahojiano 30, yaani asilimia 10, yalirudiwa na msimamizi kwa maswali 8 yasiyobadilika ndani ya wiki, kama umri na idadi ya watoto. Majina na namba za simu vilikaa kwenye faili tofauti lenye nywila, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za watu zilindwe.

Kuhusu kuandika nitasema kidogo. Majedwali matupu niliyachora kabla ya kwenda ziwani, na swali lisilokuwa na jedwali lake nililifuta. Mpangilio wa majina ya waandishi tuliusaini kabla ya kazi kuanza, kwa sababu chuoni kwangu pointi za kupandia cheo hugawanywa kati ya waandishi na ugomvi wa mwishoni hauna mwamuzi. Jarida linalokukubalia ndani ya wiki moja na kutaka ada haraka, kimbia: mtathmini wa nje ataiona makala hiyo na kuipa sifuri, na takwimu zako zitakuwa zimeshatumika. Maoni ya wahakiki nilijibu kwenye jedwali la safu tatu, maoni, jibu, ukurasa uliobadilika, hata yale niliyoyakataa.

Mrejesho niliupeleka mwenyewe, ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila kijiji, wenye bei za taslimu na za mali kauli za mialo jirani. Mkutano nao uliwekwa siku za mbalamwezi, saa kumi jioni, maanikio yakiwa matupu na watu wakiwa nyumbani.