Kishona Nguo Kwenye Koti la Bluu

Novemba 2017 nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kutwa nzima nilishinda na mama kwenye kibanda chake cha cherehani, Ngarenaro. Mchana mmoja, mvua ya vuli imetoka kukatika, binamu yangu anayeendesha watalii akasimamisha Land Cruiser mbele yetu. Alishuka na bibi mmoja wa Kiingereza, koti la bluu amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo mama mdogo. Huyu mgeni wangu ana shida."

"Marahaba baba. Zipu?"

Haikuwa zipu. Bibi na mumewe walikuwa wametembea kwa miguu Hifadhi ya Arusha, upande wa Maziwa ya Momella, wakarudi na vishona nguo mwili mzima. Hotelini koti likafuliwa, likapigwa pasi, likarudishwa linanukia, lakini kwenye kile kitambaa cha kunata cha mikononi mbegu zilikuwa palepale, nyeusi, zimejichomeka. Baada ya siku tatu walikuwa wanaruka kwenda Ushuaia, Ajentina, wakapande meli ndogo ya kuzungukia kisiwa cha South Georgia na pwani za Antaktika, bara la barafu la kusini kabisa. Huko, kabla hujakanyaga nchi kavu, unakaguliwa nyayo za buti, mifuko na pindo. Ukikutwa na mbegu, unarudi kusafisha mpaka wasione kitu.

Binamu alikwenda kupokea simu, ukalimani ukaniangukia mimi.

"Muulize," mama alisema, "mbegu ya kishona nguo itawafanya nini watu wa huko?"

Bibi alijibu kwamba South Georgia haina wenyeji. Wenyewe ni ndege, sili na pengwini. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akatueleza taratibu, akisubiri nitafsiri kila kipande. Wawindaji wa sili na nyangumi walifika na meli zao zamani, na panya wakashuka nao. Kule ndege hutaga chini, kwenye nyasi na mashimo, maana hawajawahi kuwa na adui wa kuwafuata huko. Panya wakala mayai na makinda miaka nenda rudi, mpaka kindege kimoja kidogo kinachoimba, ambacho hakipatikani mahali pengine popote duniani, kikabaki kwenye visehemu vichache ambavyo panya hawakuvifikia. Kuwaangamiza panya hao kulihitaji helikopta za kumwaga sumu kila penye panya kwa awamu, kuanzia 2011 hadi 2015. Alipokuwa anatusimulia, wataalamu walikuwa bado hawajathibitisha kama wameisha. Ilitangazwa Mei 2018 kwamba kisiwa kimesafishika, nami nilipoisoma habari hiyo nilimsomea mama kwa sauti.

"Kama ni hivyo, si wasiende tu?" mama aliuliza.

Nilisita kulitafsiri swali hilo kwa mgeni, ila nililitafsiri. Bibi hakukasirika. Alisema ndiyo maana wamechagua meli ndogo. Yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha mtu kabisa, na hata hizo ndogo hazishushi zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja, wakipelekwa ufukweni kumi kumi kwa boti za mpira. Mama alipiga hesabu: vifodi, zile daladala ndogo, vitano au sita. Binamu hutusimulia magari ya watalii yanavyosongamana Mto Mara nyumbu wakivuka, mpaka nyumbu wengine wanaogopa kuingia majini. Nilifurahi, na hadi leo nafurahi, kwamba kuna mahali watu wamekubali kuhesabiwa.

Tukaanza kazi. Mama alinipa sindano ya kudarizi na kizibo cha soda. Kishona nguo ukikitazama kwa karibu ni kijiti chembamba chenye meno mawili au matatu kichwani, na kila jino lina vimiba vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo ukivuta unazidi kukikaza. Inabidi ukisukume kwanza mbele, kisha ukiinue. Nilitoa arobaini na kimoja kwa mkono wa kulia peke yake.

Nikiwa kwenye mkono wa pili mama alimwambia bibi kwamba majani ya kishona nguo sisi tunayapika mboga, na nyanya yangu alikuwa akiyafikicha na kuyabandika kwenye jeraha damu ikate. Bibi akatabasamu, akasema mmea huo asili yake ni Amerika.

Cherehani ikasimama. "Kishona nguo? Hiki cha hapa?"

"Ndivyo anavyosema, mama."

Alikaa kimya kitambo, mguu juu ya pedeli. "Basi kuna mtu alikileta kwenye pindo," alisema.

Hapo akalichukua koti mikononi mwangu. Nilikuwa nimeshasema nimemaliza. Akageuza mfuko wa kushoto nje, akapitisha kidole kwenye kona, akasikia kitu kinakwaruza ndani ya mshono. Alichukua kiwembe, akaifumua kona yote. Vumbi jekundu likamwagikia mapajani mwake, na ndani yake mbegu tatu za nyasi na kishona nguo kimoja kilichovunjika. Alifumua na mfuko wa pili, ambao haukuwa na kitu, akaishona yote upya mara mbili mbili. Uzi wa bluu ile hatukuwa nao, akatumia wa kijani. Mbegu zote alizifunga kwenye gazeti akazitia kwenye jiko la mkaa.

Alitoza shilingi 5,000, za mifuko tu. Bibi alitaka kuongeza, mama akakataa.

Katikati ya Januari binamu alituletea picha kwenye simu. Bibi amesimama ufukweni na koti lake, mvua inanyesha, na nyuma yake pengwini hawahesabiki, wamejaa mpaka mlimani. Mimi nilikuwa nawashangaa pengwini. Mama aliishika simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akawapita pengwini wote, akashuka mpaka kwenye mfuko wa kushoto.

"Huu hapa," alisema. "Uzi wangu."