Hopsi za nyuma ya nyumba: kupanda ni rahisi, kazi iko kwenye kuvuna na kukausha

Kila mwezi wa tisa nikiweka kwenye status picha za hopsi, mmea ambao maua yake ndo yanatia bia uchungu na harufu, meseji zinaanza kumiminika toka nyumbani, hasa kwa vijana wa Moshi na Arusha wanaopenda mambo ya kupika bia, na wote wanaomba kitu kimoja, dada tukatie kipande cha mzizi ukija Disemba tupande huku. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike yote hapa, na kwa wale mlioko Ulaya na Marekani kama mimi mtapata na maelezo ya kulima kabisa maana nyie mnaweza.

Kwa hiyo wa Moshi kwanza. Hopsi kwetu haitaki, na udongo hauna kosa, udongo wa Kilimanjaro unaotesha chochote. Shida ni mwanga. Huu mmea unaufuata urefu wa siku, siku zikiwa ndefu unakimbilia kurefuka tu, halafu siku zikianza kufupika ndo unaambiwa sasa toa maua. Hapa Oregon mwezi wa sita jua linakaa juu masaa kumi na tano na nusu hivi, kwa hiyo mpaka siku zianze kufupika mmea umeshapanda mita tano sita na una matawi ya kutosha. Moshi siku ni masaa kumi na mbili mwaka mzima, mmea unapata ujumbe wa kutoa maua ukiwa bado mfupi, unatoa vimaua vichache basi. Na tena unataka winta, shina la chini linalala kwenye baridi kali halafu linaamka lote kwa pamoja, bila huo usingizi machipukizi yanatoka ovyo ovyo. Ndo maana mashamba ya hopsi duniani mengi yako kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, kaskazini au kusini mwa ikweta. Hata Afrika Kusini, kule George ambako wanalima za biashara, wako pembeni kabisa mwa huo mstari, na kwa miaka mingi walilazimika kuwasha taa mashambani usiku kuidanganya mimea kwamba siku ni ndefu, mpaka wakazalisha aina zao zinazovumilia siku fupi. Kwa hiyo mnavyoona bia za kwetu, shayiri inalimwa Karatu na Monduli, Kenya wanalima Narok, ila hopsi inaagizwa nje. Na mizizi yenyewe huwezi kuibeba tu kwenye begi, kuna vibali vya afya ya mimea, na vipo kwa sababu nzuri, mzizi mmoja wenye ugonjwa unatosha.

Haya, sasa wenye winta tuongee.

Mi naishi bonde la Willamette, kusini ya Portland, na hapa hopsi ni zao la wakulima wakubwa. Marekani hopsi nyingi, kama robo tatu hivi, zinatoka bonde la Yakima jimbo la Washington, halafu ndo Idaho na sisi Oregon. Ukipita barabarani mwezi wa saba unaona nguzo ndefu zimefungwa nyaya juu na kamba zimeshuka mpaka chini, mmea mmoja mmoja umepanda kamba yake. Zile kamba nyingi ni za makumbi ya nazi, zinatoka Sri Lanka, mtu wa Pwani angezitambua hata kabla gari halijasimama. Na mimi natumia hizo hizo, kwa sababu hopsi haina vikono vya kushikia kama mzabibu, inapanda kwa kujizungusha na shina lina vinywele vikali vya kukwama, kamba ya plastiki inateleza.

Aina niliyopanda ni Cascade. Hii ni ya hapa hapa, ilizalishwa Corvallis na watafiti wa wizara ya kilimo na chuo kikuu cha Oregon, mbegu ya kwanza ilichavushwa 1956 na wakulima wakaipata 1972, mzazi mmoja ni Fuggle ya Uingereza. Ina harufu ya balungi na maua, na ndo aina iliyofanya watu waanze kuijua bia ya Kimarekani kwa harufu yake, Sierra Nevada Pale Ale ya 1980 ni Cascade hiyo. Kwa anayeanza siwezi kumshauri nyingine, inavumilia magonjwa kiasi na inazaa sana.

Kupanda kwenyewe hakuna maneno mengi. Unachukua kipande cha mzizi mwanzo wa masika ya huku, mwezi wa tatu au wa nne, hakikisha ni cha mmea jike maana jike ndo linatoa yale maua ya magamba magamba tunayoyataka, dume likiwa jirani linachavusha na unapata mbegu tu humo ndani. Unafukia mahali penye jua la masaa sita mpaka nane, udongo usiotuamisha maji, mita moja kati ya shina na shina. Yakichipua yatatoka machipukizi mengi mno, chagua mawili matatu kwa kila kamba, yaliyobaki kata, na usitupe, yanaliwa, yakaange na kitunguu kama mboga nyingine yoyote. Yale uliyochagua unayazungushia kamba kwa kufuata mshale wa saa, ukizungusha kinyume yanajifungua yenyewe. Yakishapanda, toa majani ya chini yote mpaka kimo cha kiuno ili hewa ipite, hiyo ndo dawa kubwa ya ubwiri vinyoya, ule ukungu wa majani, na utitiri mwekundu. Maji ya kutosha. Vaa mikono mirefu, zile nywele zinakwaruza mpaka ngozi inavimba. Mwaka wa kwanza usitegemee kitu, mmea unajenga mizizi, mwaka wa pili unaanza kuona, wa tatu ndo mavuno kamili, shina moja likikubali linakupa kati ya nusu kilo na kilo moja ya hopsi kavu.

Sasa tuje kwenye kuvuna, na hapa naomba mnisome taratibu kwa sababu watu wengi wanalima vizuri miezi sita yote halafu wanaharibu ndani ya wiki moja.

Maua yanakomaa kuanzia katikati ya mwezi wa nane mpaka katikati ya tisa, kutegemea aina na hali ya hewa, na kalenda isikudanganye, tumia vidole. Ua bichi ukilibonyeza linabaki limebonyea, ni zito, lina unyevu na harufu ya majani. Lililokomaa ni jepesi, ukilibonyeza linarudi lenyewe na linatoa mlio wa karatasi kavu. Lipasue katikati kwa urefu, utaona unga wa njano kwenye vitako vya magamba, hiyo inaitwa lupulini na ndo kila kitu, uchungu wote na harufu yote iko mle. Ikiwa njano iliyopauka bado, subiri, ikiwa njano nzito na vidole vinanata na harufu inakupanda puani, anza. Ukichelewa ule unga unageuka rangi ya chungwa kuelekea kahawia na harufu inakuwa ya vitunguu saumu, hiyo bia haitanyweka. Kuna na njia ya mzani kwa anayependa uhakika, chukua gramu 100 za maua mabichi, zikaushe kabisa mpaka uzito usishuke tena, ukibaki na gramu 20 mpaka 25 muda umefika.

Hayakomai yote siku moja. Ya juu yanatangulia kwa sababu yanapata jua, kwa hiyo mimi huwa nachuma kwa ngazi, ya juu kwanza, ya chini wiki inayofuata, sikati shina zima kama wanavyofanya mashambani na mashine. Sababu nyingine ya kutokata ni kwamba majani yakibaki mpaka baridi ya kwanza mmea unarudisha chakula kwenye mizizi, na nguvu ya mwaka ujao ndo hiyo.

Ukishachuma saa inaanza kuhesabu. Hopsi mbichi karibu asilimia 80 ni maji, ukiirundika kwenye ndoo usiku mmoja inapata joto yenyewe na kuanza kuoza. Tandaza kwenye wavu, mimi natumia nyavu za madirisha zimewekwa juu ya matofali ili hewa ipite chini, tabaka moja jembamba, chumba cha giza, feni inawaka mfululizo, geuza asubuhi na jioni. Usianike juani jamani, najua sisi kila kitu tunaanika juani, mchele dagaa mihogo, lakini hopsi jua linaiua, mwanga na joto kali vinaondoa yale mafuta ya harufu na unabaki na majani. Ukitumia mashine ya kukausha matunda weka moto mdogo, usizidi nyuzi 50. Kujua imekauka usiguse magamba, magamba yanakauka mapema na kukudanganya, angalia kile kijiti cha katikati ya ua, kikipinda bado, kikikatika tap imekauka. Hesabu nayo inasaidia, kilo moja mbichi yenye maji asilimia 80 ikishuka mpaka asilimia 10 inabaki gramu 220 hivi, kwa hiyo kama mzani unasema 300 rudisha kwenye wavu, ukifunga hivyo utafungua ukungu.

Baada ya hapo ni mfuko uliofyonzwa hewa na friza, moja kwa moja. Na tafadhali mwenye mbwa asimwache karibu na hopsi, mbichi au zilizochemshwa, mwili wake unapanda joto mpaka anaweza kufa.

Kwenye sufuria, kumbuka hopsi ya nyumbani hujui nguvu yake ya uchungu. Za dukani zimeandikwa asilimia ya asidi alfa, ndo zinazotia uchungu, Cascade kwa kawaida 4.5 mpaka 7, yako inaweza kuwa popote humo. Kwa hiyo uchungu nautoa kwenye za kununua, nachemsha na maji ya kimea saa nzima maana asidi hazitoi uchungu mpaka zichemke, zangu naziweka dakika tano za mwisho au moto ukishazimwa, hapo harufu haijaruka na mvuke. Siku ya kuvuna napika moja na mbichi kabisa, ndani ya masaa 24 toka mtini, unazidisha uzito mara tano, mapishi yakisema gramu 30 kavu weka 150 mbichi, na ladha yake huipati mwezi mwingine wowote wa mwaka.

Mama yangu Marangu alikuwa anapika mbege, ndizi na ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu, na nilipoanza mambo ya hopsi ndo nilielewa alichokuwa anafanya na lile gome. Waethiopia wana gesho, mmea wao mchungu, wanautia kwenye tela, bia yao ya nafaka, na teji, pombe yao ya asali. Kila mahali watu walitafuta kitu kichungu cha kusimamisha utamu wa pombe, wakakitoa kwenye mmea unaokubali pale pale walipo. Kwa hiyo vijana wa Moshi mnaotaka mzizi wa Cascade, mi nawaambia kwa moyo wote, chemsheni msesewe kwenye bia ya shayiri kidogo kidogo mpime, mkianza muulize wazee kipimo maana ule mti ni dawa na ukizidisha una madhara. Hicho ndo kitu ningependa mnitumie picha zake.

Na nyie wa Ujerumani, Uingereza, Minnesota na Canada, mtafuteni mtu mwenye shina la miaka mitatu kwenda juu, mwezi wa tatu lazima achimbe pembeni kupunguza mizizi inayotembea, wengi wanaigawa bure. Angalieni tu sheria za mahali mlipo kabla ya kupika, hapa Marekani ni galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi, na kuuza hairuhusiwi.