Kijana wa Newala na picha ya nyumba ya barafu

Kliniki ya afya ya akili ninayofanyia kazi, wilayani Masasi, ndiyo pia kliniki ya kifafa. Wengi wanaokuja ni wakulima wa korosho na mbaazi walioanza kuanguka tangu utotoni, wengine baada ya malaria kupanda kichwani. Dawa tunawapa. Kisha huja swali la mama, la mke, la mjomba: mbona anasahau? Hapo huanza kazi ninayoipenda kuliko zote, kupima kumbukumbu na lugha. Na hapo ndipo watu huonewa.

Kijana mmoja wa Newala aliletwa na mjomba wake akiwa na karatasi ya kituo kingine: uwezo wa akili mdogo. Nikauliza alipimwaje. "Alioneshwa picha, mwanangu," mjomba akasema. "Nyingine hata mimi sizijui. Kuna kibanda cha barafu."

Picha za namna hiyo nazifahamu. Jaribio la Boston la kutaja majina ya vitu, lililotoka Marekani mwaka 1983, lina picha 60. Huanza na vitu rahisi kama kitanda, kisha ugumu huzidi. Ngamia na faru wamo, hao sawa. Lakini mna nyumba ya barafu, na mna biva, mnyama wa mito ya huko anayejenga mabwawa kwa magogo. Mtu wa Newala akinyamaza mbele ya biva, kunyamaza kwake hakutuambii lolote kuhusu ubongo wake.

Huko Marekani jambo hili limewasumbua sana kwa wagonjwa wa kifafa wanaozungumza Kihispania. Mgonjwa ambaye dawa hazimtulizi anaweza kupasuliwa, ikaondolewa sehemu ya ubongo inayozalisha kifafa, mara nyingi ile ya usawa wa sikio. Kwa watu wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo. Kumbukumbu ya maneno ikiwa dhaifu, daktari hupata dalili ya upande wenye hitilafu, na hujua mgonjwa anaweza kupoteza nini. Sasa alama zikishuka kwa sababu ya lugha ngeni au shule chache, mpasuaji anapotoshwa. Hata jaribio la kurudia tarakimu ulizosomewa lina mtego: za Kihispania nyingi zina silabi mbili, za Kiingereza karibu zote moja, na kadiri zinavyorefuka ndivyo mtu anavyoshika chache. Zetu nazo ni silabi mbili mbili. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Marcel Pontón na wenzake walichapisha viwango vya alama za kawaida za wasemaji wa Kihispania katika majaribio ya namna hii, vimegawanywa kwa umri na miaka ya shule. Hilo ndilo la kuiga.

Kwa kijana yule nilitunga hadithi fupi. Mzee kapeleka magunia sita ya korosho ghalani siku ya Jumanne, moja limekataliwa kwa unyevu, mpwawe kalirudisha nyumbani kwa baiskeli kulianika. Nikawasimulia pia vijana wa rika lake waliokuja kuchukulia ndugu zao dawa. Baada ya nusu saa wao waliisimulia karibu yote. Yeye alibaki na baiskeli tu. Lakini vitu nilivyovipanga kwenye sinia kisha nikavivuruga, alivirudisha kila kimoja mahali pake.

Kwa hiyo tatizo lilikuwepo, ila si lile la kwenye karatasi. Nilimwandikia daktari kwamba kumbukumbu ya maneno ndiyo dhaifu, upande wa kushoto uangaliwe, na dozi ya fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, ipitiwe upya, maana dawa hiyo nayo hupunguza kasi ya fikra. Mjomba nilimwomba asimpe maagizo matatu kwa pamoja: aseme moja, amwoneshe kwa mkono. Dawa ya usiku wameiambatanisha na swala ya isha.

Wauguzi wenzangu wa Tandahimba, Nachingwea na Lindi mjini, wasimulieni hadithi hii ya magunia watu wazima wasio na kifafa, mwandike umri, miaka ya shule na alichokumbuka kila mmoja, nasi tupate viwango vyetu. Ninaowahitaji zaidi ni wazee ambao hawakusoma kabisa.