Mama mkwe amenilipa nauli

Noti ya elfu tano bado iko chini ya kopo la chumvi. Sijaitumia, na sijui kama nina haki ya kuitumia. Mume wangu, Papa Ketsia, akiiona anataka kucheka, halafu akitazama uso wangu ananyamaza na kutoka nje kwenda kukagua betri ambazo hazina shida yoyote.

Mama mkwe wangu hakuwa amekanyaga kwetu tangu tuhamie kwenye basi hili tulilolifanya nyumba. Enzi tunapanga kule Kampemba, hapa Lubumbashi, alikuwa anakuja baada ya misa, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, aliyoifungia kwenye kitambaa. Tulipolileta basi huku kwenye parsele, kiwanja chetu cha njia ya Kasapa, magoti yakaanza kumuuma kila Jumapili. Aliyomwambia yaya Odette, dada yetu mkubwa, wakati ule sitayarudia.

Jumapili hii alikuja. Nilisikia taksi inasimama, nikakaza kitenge, nikatoka. Nikamkuta upande wa kulia wa basi, anapapasa bati kwa kiganja akitafuta mlango. Alikuwa na haki ya kuutafuta pale, maana kwetu Kongo abiria hushukia kulia. Lakini basi hili lilitumika Zambia, wanakoendesha kushoto, kwa hiyo mlango wake uko kushoto, umekitazama kile kichuguu ambacho tunakichimba udongo wa matofali. Ikabidi azunguke mita 12 zima kwa fimbo yake, kwenye vumbi jekundu, mimi nyuma yake nikisema pole, pole Mama.

Na basi lilikuwa limelala upande. Anayewahi kulala kwenye basi kubwa anajua: linakalia mifuko ya hewa, na hewa ikivuja usiku kona moja inashuka taratibu, mpaka uwashe injini lijae na kusimama tena. Papa Ketsia ameweka magogo chini ya fremu lakini kona ya nyuma inazama tu. Mama aliposhika chuma cha mlango alisimama kwanza, akalitazama basi kuanzia chini mpaka paani, kisha akapanda bila kusema neno.

Nilimpa kiti kizuri kuliko vyote. Viti vingine vyote tuliving'oa, tukabakiza viwili vya safu ya pili, vile ambavyo Papa Ketsia alivivalisha kitambaa kipya cha rangi ya maruni. Hapo kuna dirisha pana, na ukikaa unaona barabara yote na jakaranda za jirani, ambazo sasa hivi zimechanua mpaka ardhi imegeuka zambarau. Juu yake, kwenye ukingo wa kichanja cha mizigo, namba za viti zimebaki: 7 na 8. Ketsia ndiye aliyekataa zisifutwe. Mama alikaa kwenye 7.

Alikula vizuri. Bukari, ugali wetu, aliimaliza, samaki alimsifu, alimwuliza Ketsia habari za shule na kumkagua kucha. Nikaanza kupumua. Saa kumi yaya Odette akasema taksi imefika. Mama akasimama, akaja mpaka ngazini, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa ile noti imekunjwa mara nne, akanitia mkononi na kunifumba vidole.

“Shika. Nauli.”

Nikasema, “Nauli ya nini, Mama?”

“Si nimeketi?”

Akashuka, mkono begani kwa yaya Odette. Basi. Hakugeuka.

Tangu siku hiyo naosha vyombo na maneno hayo, nasahihisha madaftari na maneno hayo. Si nimeketi? Kama ni utani, Mama hutania hivyohivyo, uso mkavu, hata siku ya harusi yetu aliwaliza watu kwa kicheko bila yeye mwenyewe kuonyesha jino. Kama ni tusi, basi ni tusi lililopimwa vizuri: amekuja nyumbani kwa mwanawe, amekula, na ameondoka akiwa abiria. Au ni zawadi tu na alikosa neno la kuitolea? Lakini zawadi angempa Ketsia. Na kwa nini alinifumba vidole? Anayekutukana hakufumbi vidole. Nimejaribu kulisema mwenyewe kwa sauti, nikipandisha mwisho, nikishusha mwisho. Likipanda ni utani. Likishuka, linachoma. Na sikumbuki kama lilipanda.

Wiki hii dada yangu wa Kipushi amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima, na jina langu hatimaye limetokea kwenye listi ya walimu wanaolipwa na serikali baada ya miaka ya kungoja. Nimefurahi, nimemshukuru Mungu. Kisha nikarudi kwenye nauli.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na majibu yote na sikutoa hata moja. Ningemwambia: Mama, garanti, ile pesa ya kutanguliza, ya nyumba ya kupanga mjini ingekula matofali yetu yote, na mwenye nyumba angeongeza kodi alipotaka, nasi tungekunja virago tena. Hapa hakuna anayetugongea mwisho wa mwezi. Ningemwonyesha chini, kwenye buti la mizigo, tanki la maji la lita 500. Maji hayo peke yake ni nusu tani, ndiyo maana mwanao aliliweka chini kabisa, katikati ya ekseli, ili basi likitembea lisiyumbe. Ningembandulia kipande cha tripleksi, ubao mwembamba wa ukutani, aone frigolite, lile povu jeupe la kuzuia joto na baridi, tuliyoipanga nyuma yake, kwa sababu bati tupu la basi mwezi wa 6 ni baridi mpaka vioo vinatoa jasho kwa ndani na asubuhi blanketi limelowa ukingoni, na mwezi huu wa 10 usingeweza kukaa ndani mchana. Paa tumelipaka nyeupe kwa sababu hiyohiyo. Umeme wa basi ni volti 24, taa na pampu tulizonunua ni za 12, na mwanao alikaa usiku na usiku kuunganisha mpaka zikaelewana. Mtaani ukikatika, kwetu Ketsia anaendelea kusoma.

Na ningemwambia naipenda. Naipenda nyumba hii kuliko zote nilizowahi kulala. Naipenda saa kumi na mbili asubuhi jua linapoingia kwa kioo kikubwa cha mbele na kutembea sakafuni mpaka kitandani kwetu nyuma. Nyumba ya matofali itakuja, msingi umeshachimbwa, lakini siishi hapa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpaka Alhamisi, nimejaa majibu.

Alhamisi yaya Odette alipiga simu kuuliza habari ya unga. Tulipomaliza ya unga akasema, kama kitu cha kupita tu, kwamba Mama tangu Jumapili halali vizuri. Amemwuliza mara mbili: kwa nini walinikalisha nimetazama mbele kama mtu anayesafirishwa?

Usiku nikamwambia Papa Ketsia. Safari hii hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaniambia habari ambayo nilikuwa naijua nusu. Mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa Likasi, na mwaka uliofuata Kolwezi, stesheni zilijaa watu waliongoja treni za kuwapeleka katika mikoa ambayo wengi wao hawakuwahi hata kuiona, kwa kuwa walizaliwa hapahapa Katanga. Baba yake alikuwa na kazi Likasi. Waliingia stesheni na vitanda, cherehani na kuku. Treni haikuja siku hiyo wala wiki hiyo. Walilala chini ya turubai, Mama ameketi juu ya mabunda mchana kutwa, ametazama upande ambao treni ingetokea, kwa sababu aliyeacha nafasi yake hakuikuta. Papa Ketsia mwenyewe alikuwa mtoto mdogo, anachokumbuka ni turubai la buluu na mama yake kukataa kusimama. Watoto walikuwa wanakufa pale, akasema, na akaishia hapo.

Waliporudi Lubumbashi miaka baadaye Mama alinunua kile chumba cha mtaa wa Katuba, akaongeza cha pili, cha tatu, na hajawahi kukubali kulala nje ya pale hata kwenye misiba.

Sikuwa na jibu la kumpa. Majibu yangu yote, ya tanki na ya volti, yalikuwa ya mtu mwingine.

Jana tumegeuza viti. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, maana viti vya basi vimefungwa kwenye reli ya sakafuni na bolti za mbele zilikuwa zimeshikana na kutu. Papa Ketsia alizimwagia dizeli tangu Ijumaa usiku, na hata hivyo moja ilikatika kichwa, ikabidi ikatwe kwa grainda. Ketsia alishika tochi. Sasa viti vimeipa barabara mgongo, vinatazama meza, jiko na kitanda. Aliyekaa hapo anatutazama sisi. Namba 7 nimeifuta mwenyewe kwa petroli, Ketsia akalia kidogo, tukakubaliana 8 ibaki.

Bado sijui kama ilikuwa nauli ya utani. Jambo kama hili haliulizwi kwa simu, na kumtuma yaya Odette amwulize ni kulitangaza Katuba nzima. Jumapili ijayo tutakwenda sisi kwake, nitapika hukohuko kwenye mbabula yake, jiko la mkaa, na nikipata nafasi tukiwa wawili tu tunachambua sombe, labda nitasema kitu. Au yeye atasema. Papa Ketsia ataleta lile gogo jipya la kona ya nyuma kabla mvua hazijalainisha ardhi.

Walio na watoto wa umri wa Ketsia naomba mnisaidie. Jino lake jipya la chini linatoka nyuma ya lile la utoto, na lile la utoto halitikisiki hata ukilisukuma kwa kidole. Jirani anasema tulifunge uzi tuling'oe. Bibi wa kanisani anasema tuliache, litaanguka lenyewe. Jana usiku nimelimulika tena kwa tochi na naona lile jipya limeanza kukaa pembeni.