Mfalme Aliyeamriwa Kunakili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Kumbukumbu la Torati 17:14–20, na ninaomba tulisome polepole, hasa aya ya 18, kwa maana hapo pana agizo ambalo kwa miaka mingi nililipita bila kulitazama. Mfalme wa Israeli, akishaketi juu ya kiti chake cha enzi, anatakiwa ajiandikie nakala ya torati kutoka katika ile iliyo mikononi mwa makuhani Walawi, kisha akae nayo na kuisoma siku zote za maisha yake. Katika mataifa ya wakati huo kunakili ilikuwa kazi ya mwandishi wa ikulu, mtu aliyeketi na kalamu yake akiandika aliyoambiwa na mkubwa wake. Uzito wa agizo hili hatutauona mpaka turudi nyuma na kutazama wanadamu walivyofika kwenye kuwa na wafalme na sheria zilizoandikwa.

Hapo kale palikuwa na ukoo tu. Mtu aliyedhulumiwa aliwategemea ndugu zake, aliyeuawa alilipiziwa na ndugu zake, na hofu ya kisasi ndiyo iliyozuia mikono ya wengi. Ubaya wa kisasi ni kwamba hakina kipimo. Lameki, katika Mwanzo 4:23–24, anajisifu mbele ya wake zake kwamba amemwua kijana aliyemchubua, na kwamba yeye atalipiziwa mara sabini na saba. Tukilisoma neno la Torati la jicho kwa jicho baada ya kumsikia Lameki, tunaona kwamba lilikuja kuweka mpaka: jicho moja kwa jicho moja, pasipo kuuteketeza ukoo mzima kwa sababu ya chubuko.

Juu ya koo palikuwa na wazee, na mahakama yao ilikuwa lango la mji. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ruthu 4. Boazi anakwenda langoni na kuketi, na yule jamaa mwenye haki ya kwanza ya kulikomboa shamba la Elimeleki anapopita, anamwita kando, kisha anawaketisha wazee kumi. Maneno yanasemwa mbele ya wote, jamaa anakataa, anavua kiatu chake na kumpa Boazi, na wazee pamoja na watu waliokuwapo wanajibu kwamba wao ni mashahidi. Shauri limekwisha pasipo mfalme, pasipo askari na pasipo karatasi hata moja. Huko Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, wachimbuaji wa mambo ya kale wamelifukua lango la mji lenye benchi ya mawe kando yake, na mtu akilitazama ni vigumu asiwafikirie wazee hao kumi.

Utaratibu huo hutosha pale ambapo watu wanajuana kwa majina. Kwenye mabonde ya mito Frati na Hidekeli, katika Iraki ya leo, mambo yalikua kupita kiasi hicho. Mji wa Uruk, ambao Mwanzo 10:10 huuita Ereku, ulikuwa na maelfu ya wakazi, mashamba ya kumwagiliwa kwa mifereji iliyohitaji kuzibuliwa kila mara, na ghala za hekalu ambamo nafaka iliingia na kutoka. Vibao vya udongo vya kale kabisa vilivyopatikana huko, vya kabla ya mwaka 3000 KK, kwa sehemu kubwa ni hesabu za shayiri, mifugo, pombe na vibarua. (Hunifurahisha kidogo kwamba mwanadamu alijifunza kuandika kwa ajili ya hesabu za ghala, na mashairi yakaja baadaye.) Ndipo tunapokutana na cheo ambacho Wasumeri, watu wa kale wa mabonde hayo, walikiita lugal, maana yake halisi mtu mkubwa. Kiliposhikwa na mtu mmoja, kikarithiwa na mwanawe, na kikapata askari na waandishi, ufalme ulikuwa umezaliwa.

Wafalme hao wakaanza kutangaza sheria. Za kale kuliko zote zilizotufikia zimepewa jina la Ur-Nammu, mfalme wa Uru, mji mwingine wa Wasumeri, na ni za takriban mwaka 2100 KK. Jambo la kushangaza ni kwamba ndani yake aliyemtoboa mwenzake jicho alilipa nusu mina ya fedha (mina ni kipimo cha uzito, sawa na shekeli 60), na jicho lake likabaki salama. Miaka zaidi ya 300 baadaye Hammurabi wa Babeli, aliyetawala takriban kuanzia 1792 hadi 1750 KK, aliamuru sheria zake zichongwe juu ya nguzo ya jiwe jeusi yenye kimo cha zaidi ya mita mbili, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Juu kabisa amechorwa mfalme mwenyewe, amesimama na kuinua mkono mbele ya Shamash, mungu-jua wa Wababeli, aliyeketi kitini. Chini yake yanafuata maandishi yenye sheria zinazohesabiwa kuwa 282. Mfalme anasema amewekwa ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge, na apatikane mtetezi wa yatima na mjane. Naye anamwalika mtu aliyedhulumiwa aje mbele ya nguzo hiyo, asomewe maneno yake, moyo wake utulie.

Wako waumini wanaofadhaika wakisikia kwamba mataifa yaliwajali yatima na wajane kabla ya Musa. Mimi sifadhaiki. Mtume Paulo, katika Warumi 2:14–15, anasema mataifa wasio na sheria huionyesha kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao, na sioni kwa nini tushangae tukiikuta kazi hiyo imechongwa pia juu ya jiwe huko Babeli.

Hata hivyo inafaa tuweke sheria mbili kando kwa kando, nami nimechagua ile ya ng'ombe mwenye kupiga watu pembe, kwa kuwa imo kwa Hammurabi na imo katika Kutoka 21:28–32, na hali zinazoelezwa zinakaribiana sana: ng'ombe anajulikana kwa tabia yake, mwenyewe ameonywa, hakumdhibiti, na mtu amekufa. Kwa Hammurabi, ikiwa aliyekufa ni mtu huru, mwenye ng'ombe analipa nusu mina, yaani shekeli 30. Ikiwa ni mtumwa, theluthi ya mina, yaani shekeli 20. Mambo yanaishia kwenye mizani. Katika Kutoka ng'ombe mwenyewe anapigwa mawe na nyama yake hailiwi, hata kama ni mali ya thamani, na mwenye kuonywa akapuuza anastahili kufa, ingawa anaweza kutozwa ukombozi wa nafsi yake. Kisha aya ya 31 inaongeza kwamba ikiwa aliyepigwa ni mwana au binti, hukumu ni hiyohiyo. Nyongeza hiyo ina maana tukikumbuka kwamba kwa Hammurabi, mwashi aliyejenga nyumba mbovu ikamwangukia na kumwua mwana wa mwenye nyumba, mwana wa mwashi ndiye aliyeuawa. Torati haimlipishi mtoto deni la baba yake, na Kumbukumbu la Torati 24:16 linalisema hilo waziwazi.

Kwa mtumwa aliyeuawa na ng'ombe, Kutoka inataja shekeli 30 za fedha. Siwezi kuisoma hesabu hiyo bila kumkumbuka Yuda akiwauliza wakuu wa makuhani watampa nini, nao wakampimia vipande thelathini vya fedha (Mathayo 26:15).

Tena kwa Hammurabi jicho kwa jicho lilikuwa kati ya mabwana kwa mabwana. Jicho la mtu wa kawaida liliuzwa kwa mina moja, na jicho la mtumwa wa mtu mwingine lilifidiwa kwa bwana wake kwa nusu ya bei ya mtumwa huyo. Katika Kutoka 21:26 bwana akimharibu mtumwa wake jicho, mtumwa anakwenda huru kwa ajili ya jicho lake. Sisemi kwamba Torati ilikuwa imeufuta utumwa, kwa maana haikuufuta, na si uaminifu kulificha hilo.

Sasa turudi kwa mfalme. Sheria za Uru na za Babeli zilitangazwa kwa jina la mfalme. Huko mungu wao humpa mfalme kiti na hekima, naye mfalme huyatamka maneno. Katika vitabu vitano vya Musa hakuna sheria hata moja inayotajwa kuwa ya mfalme. Taifa lilipewa agano Sinai likiwa bado na wazee, na wale wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi ambao Yethro, mkwewe Musa, alishauri wawekwe, watu wenye kuchukia mapato ya udhalimu (Kutoka 18:21). Mfalme alikuja nyuma sana, akaikuta sheria imekwisha kuwapo, na alikuja kwa mashaka. Gideoni alikataa cheo hicho. Abimeleki mwanawe alikitwaa kwa kuwaua ndugu zake. Kitabu cha Waamuzi kinafunga kwa kilio kwamba hapakuwa na mfalme na kila mtu alitenda alivyoona vyema machoni pake, lakini ukifungua 1 Samweli 8, watu wanapoomba mfalme mfano wa mataifa mengine, Samweli anawahesabia gharama: atatwaa wana wenu kwa magari yake ya vita, atatwaa binti zenu wawe wapishi na waokaji, atatwaa mashamba yenu yaliyo mazuri. Biblia inawaogopa watu wasio na mfalme, na inamwogopa mfalme vilevile. Hofu hizo mbili naona zote ni za kweli, na anayehubiri moja na kuisahau nyingine amesoma nusu ya kitabu.

Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 17 linampunguzia mfalme farasi, wake, fedha na dhahabu, kisha linamwekea kalamu mkononi. Mtu anakili kwa kutii. Herufi baada ya herufi anayafuata maneno ambayo si yake, na akiongeza lake, nakala imeharibika. Aya ya 20 inatoa sababu: moyo wake usiinuliwe juu ya ndugu zake. Ndugu zake, si raia zake.

Tunajua pia mkono wa mtawala hufanya nini usipofungwa na maneno. Nguzo ya Hammurabi haikupatikana Babeli. Wafaransa waliifukua Susa, nchini Iran ya leo, katika uchimbaji wa 1901 na 1902, kwa kuwa mfalme wa Elamu alikuwa ameichukua nyara katika karne ya 12 KK, na sehemu ya sheria zilizo upande wake wa mbele, chini, zimekwanguliwa. Ndani ya Israeli kwenyewe, mfalme Ahabu alipolitamani shamba la mizabibu la Nabothi, mkewe Yezebeli hakuivunja sheria hadharani. Aliitumia. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akawaandikia wazee wa mji, akaagiza mashahidi wawili kama Torati inavyodai, na Nabothi akapigwa mawe kwa utaratibu uliotimia kila kipengele (1 Wafalme 21). Wazee wa lango, wenye cheo kilekile cha wale waliomshuhudia Boazi, walishika barua na kutii.

Karne mbili na zaidi baadaye, katika mwaka wa kumi na nane wa kutawala kwake Yosia, mfalme wa Yuda, kuhani Hilkia alikiona kitabu cha torati ndani ya nyumba ya Bwana, iliyokuwa ikitengenezwa. Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme, na mfalme akayararua mavazi yake. Inaonekana nakala aliyopaswa kuwa nayo hakuwa nayo, na huenda baba yake hakuwa nayo pia. Kisha, katika 2 Wafalme 23, Yosia anapanda nyumbani mwa Bwana pamoja na makuhani, manabii na watu wote, wadogo kwa wakubwa, naye mfalme mwenyewe anayasoma masikioni mwao maneno yote ya kitabu, kisha anasimama penye nguzo, akiwa chini ya maneno yaleyale pamoja nao.